Waliokaa Juu ya Shimo

Musingolo, Kakamega
14 Januari 2024

Kwa binti ya kaka yangu, Immaculate,

Mulembe. Tumevuka mwaka tukiwa hai wote, na hiyo ndiyo habari ya kwanza. Selpher, mke wa ndugu yako Chrispinus, alijifungua msichana baada ya Krismasi. Wamempa jina la marehemu mama yako, na sauti pia ni ya mama yako, maana akilia hata watu wa ng'ambo ya mto wanajua. Mahindi yalikuwa ya wastani. Kuku waliisha wote kwa ugonjwa, kwa hiyo Krismasi tulikula ugali wetu wa obusuma na mboga, wageni wakasema ni kitamu.

Najua umeshangaa kupata karatasi siku hizi. Simu ninayopigia ni ya Chrispinus, na mwenye simu hakai mbali na simu yake. Ukitaka kunijibu, tumia sanduku la shule ya msingi. Mwalimu mkuu ataniletea.

Jambo lenyewe ni hili. Watu wa kampuni ya dhahabu walikuja mwezi wa kumi na moja, wamevaa vikoti vya kung'aa. Walipima, wakatoboa ardhi kwa mashine, wakarudi na rangi nyekundu na kuandika namba kwenye kuta. Wanasema dhahabu imepita chini ya kijiji, ndani sana, si hii yetu ya kuchimba kwa sururu na karai. Wakikubaliwa, watalipa fidia kwa mwenye shamba na kwa mwenye nyumba, na watu wahame. Shamba la marehemu baba yako liko kwa majina yenu wawili, wewe na Chrispinus. Kwa hiyo hakuna kitakachoendelea bila ninyi wawili.

Sasa wewe unakaa nchi ambayo, ulivyotuambia, walichimba makaa ya mawe chini ya nyumba za watu zaidi ya miaka mia. Niulizie. Waliokaa juu walipatwa na nini? Waliohama walikwenda wapi, na huko waliishije? Na waliokuwa wamezikwa?

Usinipambie. Niandikie kama ilivyo.

Shangazi yako,
Roda


Gelsenkirchen
25 Februari 2024

Senje wangu,

Barua yako iliingia ikiwa imelowa pembe moja, lakini maneno yote yalikuwa mazima. Niliisomea jikoni hapa kwenye makao ya wazee, nikiwa bado na aproni. Nimefurahi kwa ajili ya mtoto. Mwambie Selpher ampake mafuta ya kutosha na asisikilize majirani. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua. Kazi ni ileile, zamu za kuhudumia wazee na masomo ya uuguzi katikati. Mtihani wa mwisho ni mwezi ujao.

Umeuliza, nami nakujibu kama ilivyo.

Huku miji imeshikana. Ukipanda tramu hapa ukasinzia kidogo, ukifungua macho uko Essen, na hukuona shamba hata moja la kukuambia umetoka mji mmoja ukaingia mwingine. Yote ilikua kwa sababu ya makaa na chuma. Palipochimbwa shimo, pakajengwa safu za nyumba za wachimbaji, kanisa, baa na shule. Shimo jingine, safu nyingine, mpaka zikagusana. Watu walitoka Poland, baadaye Uturuki. Mgodi wa mwisho ulifungwa mwishoni mwa 2018, hapa jirani, Bottrop.

Lakini kufunga si kumaliza, Senje. Makaa yalipotolewa, ardhi ya juu ilikaa chini. Kuna mahali imeshuka kuliko urefu wa mnara wa kanisa letu. Mito haikujua tena pa kutiririkia. Kwa hiyo kuna pampu zinazovuta maji mchana na usiku, na zikizimwa, mitaa mizima itakuwa ziwa. Kazi hiyo wameipa jina: kazi za milele. Mchimbaji amekwenda, kiwanda kimekwenda, pampu inabaki.

Nyumba ninayopanga chumba imeinama. Nikiangusha kitunguu kinajiendea mpaka chini ya dirisha. Mlango wa bafu umekatwa mshazari ili ufungike. Wenyeji hawaoni ajabu.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba tusikubali. Jana nilimpigia Chrispinus nikamwambia mimi sitii sahihi, asipoteze wakati. Alisema, "Wewe uko mbali, unajua nini?" Nikakata simu. Wewe kaa kwa amani. Hakuna atakayekutoa hapo.

Akupendaye,
Immaculate


Musingolo
7 Aprili 2024

Immaculate mwanangu,

Barua imefika, asante. Mvua imeanza vizuri na tumepanda maharagwe. Mtoto ameanza kucheka, lakini Chrispinus hachekangi siku hizi. Asubuhi ananisalimu akiwa ameshapita.

Sikukuomba umpigie. Nilikuomba uniulizie.

Tulikuwa na baraza kwa chifu juma lililopita. Mzee Shivachi, jirani yetu wa chini, alisimama kwa hasira akasema, "Sisi tumechimbanga hapa tangu babu zetu, kwa mikono yetu, na hatukufukuza mtu. Hawa wanataka tuhame ili wachimbe nini ambacho hatukijui?" Watu wakapiga makofi. Kisha akasimama kijana mmoja akamwuliza, "Mzee, na ng'ombe wako alianguka wapi?" Maana ng'ombe wa Shivachi alitumbukia mwezi wa pili kwenye shimo la zamani lililofunikwa na nyasi, akafia humo. Shivachi akakaa.

Chifu akanigeukia mbele ya watu. "Mama Roda, wewe unasemaje?"

"Bado naulizia," nikamwambia.

"Unauliza nani?"

"Wazungu waliochimba wakamaliza."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Umenieleza pampu na mito, nimeelewa. Kitunguu kinachotembea nimewasimulia kina mama wa kanisa, hawakuamini. Lakini maswali yangu mawili hukuyagusa. Waliohama walikwenda wapi? Na makaburi?

Mimi sina ugonjwa. Siku hizi napikia nje, hewa ni nzuri.

Mtihani ulikuwaje?

Roda


Gelsenkirchen
19 Mei 2024

Senje,

Natumaini maharagwe yametoka. Huku jua limekuja hatimaye, na watu wamekaa nje kama mijusi. Mimi ni mzima.

Jumapili iliyopita nilikuwa na nafasi, nikaenda Duisburg kuulizia kwa macho yangu. Kuna kiwanda cha chuma kilichozimwa siku nyingi, wamekifanya bustani. Unapanda ngazi mpaka juu ya tanuri, bila kulipa kiingilio. Miti imeota palipokuwa na reli. Watoto wanakwea kuta za zege kwa kamba, na kwenye tangi moja lililojaa maji watu wanajifunza kupiga mbizi. Nilipofika juu niliona kwa mbali kiwanda kingine ambacho bado kinafanya kazi, moshi wake mweupe umesimama wima. Mama mmoja aliyekuwa pale na wajukuu alinionyesha na kusema mumewe alifanya kazi kwenye kile. Nilimwuliza kama kitabaki. Akainua mabega.

Kuhusu waliohama, nilimwuliza Mzee Sobotta, mmoja wa wazee ninaowahudumia, aliyekuwa mchimbaji tangu ujana. Kifua chake ni kibaya, kwa hiyo tunaongea kidogokidogo.

"Mzee Sobotta," nikamwuliza, "ulipenda kukaa juu ya mgodi?"

"Sikukaa juu," akasema. "Mimi nilikaa ndani. Juu alikaa mke wangu."

"Yeye alipenda?"

"Hakuna aliyemwuliza."

Kisha akaniomba nimfungie kifungo cha shati.

Baadaye aliniambia kwamba nyumba zilizopasuka sana zilibomolewa, na watu wakapewa nyingine mitaa ya mbele, zenye bustani nyuma. Walifuga mbuzi na njiwa huko. Alisema walizoea.

Na makaburi, Senje, hapa utashika kichwa. Huku kaburi hukodishwa. Mtu huzikwa kwa miaka ishirini, mwingine ishirini na mitano, na muda ukiisha bila jamaa wa kuongeza, jiwe linaondolewa na mahali pale anapewa mwingine. Nilimwuliza mwalimu wetu wa uuguzi mara mbili nikidhani sijaelewa lugha. Nilikuwa nimeelewa.

Kwa sababu hiyo sitaki kusikia habari za kufukua. Baba na Mama wako pale, walale pale. Na nyumba ibaki pale ilipo, na wewe ndani yake. La sivyo, nikirudi nitafikia wapi?

Immaculate


Gelsenkirchen
14 Julai 2024

Senje wangu,

Sijapata neno lako tangu Aprili. Chrispinus hashiki simu. Selpher alishika mara moja, akasema mko salama, mtoto akalia, simu ikakatika. Nimemwandikia mwalimu mkuu pia. Kama wewe ni mgonjwa niambie. Kama umenikasirikia niambie pia.

Immaculate


Musingolo
11 Agosti 2024

Immaculate mwanangu,

Mwalimu alikuwa na barua zako mbili, maana shule zilifungwa. Hiyo ni sehemu ya sababu ya kuchelewa kwangu. Sehemu nyingine ni kwamba nilikuwa natafuta jinsi ya kuanza, na sikuipata. Kwa hiyo naanza tu.

Jiko langu lilianguka mwezi wa tatu, kabla sijakuandikia ile barua ya pili. Nilikuwa nimeinjika maharagwe, nikatoka kwenda kwa Selpher kuomba chumvi. Tulisikia kishindo kama gunia limetupwa. Niliporudi, kuta zilisimama lakini sakafu haikuwako. Mafiga, sufuria, kuni, kiti changu, vyote vilikuwa chini, na moshi unatoka shimoni.

Aliyechimba chini yangu ni Chrispinus. Yeye na rafiki zake walianzia shimo lao kule kwenye migomba, wakaufuata mwamba wenye dhahabu bila kujua umewapeleka wapi. Alipokuja na kuona, alikaa chini kwenye majani. Nikamwambia, "Inuka, mtoto asikuone hivyo." Akasema, "Senje, ningekuzika bila kujua." Tangu siku hiyo hajashika sururu. Unadhani anataka kuhama kwa tamaa. Anataka kuhama kwa sababu anaogopa usiku, anamhamisha mtoto kitandani kutoka ukuta huu hadi ule, akisikiliza ardhi.

Sikukuandikia kwa kuwa ungempigia. Na ulivyompigia kwa jambo dogo, nilijua kwa hili mngevunjana.

Sasa sikia la kwangu, maana mwaka huu kila mtu amesema kwa niaba yangu, na wewe umesema zaidi ya wote.

Mimi nataka kwenda.

Nilirudi hapa nikiwa na miaka thelathini na mmoja, ndoa ikiwa imenishinda. Baba yako alinipokea vizuri, Mungu amlaze pema. Alinipa kipande karibu na ua, nikajenga. Lakini binti aliyerudi ni binti aliyerudi. Nimelima shamba la kaka, nimefagia makaburi ya nyumba ya kaka, nimelea watoto wa kaka, na sijuti, nyote mlikuwa watoto wazuri. Ila nikifa hapa unajua nitazikwa wapi. Nyuma ya migomba, kando ya ua, kama desturi inavyosema. Hakuna atakayenidharau, ni vile tu ilivyo.

Lile kanisa letu lina watu wa Lugari. Nilienda huko mwezi wa sita na Mama Jeruto, ambaye hukodi mashamba kule. Ni tambarare. Unaona mpaka mwisho wa shamba lako bila kupanda kilima. Udongo hauna mawe wala mashimo. Kuna kipande kinachonunulika kwa fidia ya nyumba yangu, ile yenye namba, ambayo ni yangu kwa jina. Nilisimama pale nikakitazama, na sikutaka kurudi.

Nilipokuuliza waliohama walikwenda wapi, nilikuwa nataka uniambie kwamba watu huhama na kuishi. Ulinipa pampu. Lakini yule mzee wako alinijibu vizuri. Mshukuru.

Kwa baba yako na mama yako, kampuni italeta mchungaji na wataalamu, na watahamishwa panapostahili. Chrispinus amekubali, lakini hafanyi bila wewe, na mimi sitaki afanye bila wewe. Kwa hiyo nakuuliza sasa kama unakubali, na unijibu hili tu.

Na jambo moja zaidi. Umeandika "nikirudi". Miaka mitatu hujawahi kuliandika neno hilo. Na mtihani nimeuuliza, ukanijibu kwa tanuri la Duisburg. Sikulazimishi.

Roda


Gelsenkirchen
29 Septemba 2024

Senje,

Nimeandika barua hii mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kukukasirikia kwa ajili ya jiko. Ya pili ilikuwa ya kumkasirikia Chrispinus. Zote nimezichana.

Mtihani sikufaulu. Matokeo yalikuja mwezi wa nne. Nilipita sehemu ya vitendo, nikaanguka katika mdomo, yaani ule wa kuulizwa na kujibu mbele ya watu. Niliyajua majibu kwa Kiswahili. Wanaruhusu kurudia mara moja tu, nami nitarudia mwezi wa tatu mwakani. Nikishindwa tena, kibali cha kukaa kinaisha. Sikusema kwa sababu kanisa zima lilinisindikiza kwa nyimbo mpaka barabarani, na wewe ulibeba sanduku langu kichwani ukakataa kusaidiwa. Nilijipa moyo kwamba hata mambo yakiharibika huku, nyumba ya Baba iko pale, na wewe uko mlangoni. Nilihitaji mtu asimame mlangoni. Sikufikiri kama mtu huyo anachoka.

Mzee Sobotta alifariki tarehe nane. Mwanawe alikuja asubuhi, akakaa naye nusu saa, akatia vitu vyake katika makasha mawili. Kufikia jioni chumba kilikuwa na mgonjwa mwingine. Nilibadilisha shuka mimi mwenyewe. Mwanawe aliniuliza kama baba yake alisema neno. Nilimwambia alimtaja mke wake. Akasema, "Mama alitaka sana kuhamia pwani ya kaskazini. Baba alisema makaa hayako baharini." Akacheka kidogo, akaenda.

Jibu langu ni ndiyo. Wahamishwe. Nimempigia Chrispinus na kumwambia kwa mdomo, karatasi atazituma na nitatia sahihi. Yeye akasema, "Umejua la jiko?" Nikasema nimejua. Akasema, "Haya." Tukaongea habari za mtoto mpaka salio likaisha.

Ninaomba mambo mawili. Mama awe upande wa kulia wa Baba, kama walivyo sasa. Na mtu asiyekuwa wa nyumba asimbebe Baba.

Nenda Lugari, Senje. Usinisubiri.

Immaculate


Lugari
2 Machi 2025

Immaculate mwanangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa nje ya nyumba yangu. Ni mabati mapya, vyumba viwili na jiko, na bado inanuka mbao. Jirani yangu wa kushoto ni mama Mkalenjin, anaitwa Jepchirchir. Siku ya kwanza aliniletea kibuyu cha maziwa lala, nami nikampa ndizi za kwetu. Kiswahili chake ni kama changu, cha kuunga, kwa hiyo tunaelewana sana. Juzi alinikuta nimechimba shimo la choo akaniuliza mbona naliangalia sana. Nikamwambia nahakikisha lina mwisho.

Wazazi wako walihamishwa tarehe kumi na nane Januari. Nitakueleza yote, maana ulikuwa na haki ya kuwapo.

Walianza alfajiri. Mchungaji aliomba, kina mama wakaimba wimbo mmoja, kisha mchungaji akasema watu wa mbali wasogee nyuma. Vijana wa kampuni walikuwa na glavu na mifuko mipya. Walipofika chini, mmoja akataka kuingia. Chrispinus akamshika mkono. "Hapana," akasema, "huyu namtoa mimi." Akavua viatu akaingia. Alipotoka alikuwa amembeba kaka yangu mikononi, amefungwa katika shuka jeupe, na hakuwa mzigo mkubwa. Chrispinus alisema tu, "Senje, Baba amekuwa mwepesi." Nikamjibu, "Wewe umekuwa mtu mzima." Mama yako nilimpokea mimi pamoja na Selpher. Wamelala sasa kwenye kiwanja alichonunua Chrispinus, nje kidogo ya mji, upande wa Amalemba. Mama yako yuko kulia, nilihakikisha mwenyewe. Wamezungushiwa ua wa michongoma, na hakuna wa kuwakodisha.

Shivachi alikataa mpaka mwisho. Nyumba yake imesimama peke yake pale na mashine zinamzunguka. Nilipita kumuaga. Aliniambia, "Roda, wewe ni mwanamke wa kuhamahama." Nikamwambia ni kweli, hii ni mara ya tatu. Akanipa miche miwili ya mparachichi. Yote imeshika.

Sikulia siku ya kuondoka. Nililia Jumanne iliyofuata, hapa, nilipoamka na kukuta hakuna uwanja wa mtu wa kufagia. Nikafagia wangu, ukaisha upesi.

Mtihani wako ni mwezi huu. Nimemwomba Jepchirchir akuombee kanisani kwao pia. Ukifaulu, kaa huko ufanye kazi yako, na usiione Kakamega kama deni. Ukishindwa, panda ndege uje. Hakuna atakayekuimbia wala kukucheka, huku hawakujui.

Ila niambie mapema ni lipi. Chumba cha pili nimejaza mbegu na mbolea, na mvua iko karibu. Nataka kujua kama nivihamishe, au nivimalize shambani kwanza.

Mimi,
Roda, wa Lugari